Kwa nini mgeni hupita Nyeri akalala kwingine?

KILA mwezi wa Desemba, shule zikishafungwa na mavuno makuu ya kahawa yakikaribia ukingoni, magari huanza kuteremka kutoka Nyeri, Karatina na Nanyuki kuelekea Pwani. Ndani yake mna baba aliyeweka akiba mwaka mzima, mama aliyefunga chapati za njiani, na watoto ambao tangu Novemba wamekuwa wakiuliza kama kweli mtu anaweza kuwatazama samaki chini ya maji bila kufumba macho. Wiki hiyo hiyo, watu kutoka Ulaya hupanda ndege usiku kucha ili waje kuukwea mlima ambao familia hiyo imeupa kisogo.

Sisemi haya kwa kumkejeli mtu. Aliyezaliwa kwenye baridi ya Kieni ana haki ya kuota jua la Pwani, na bahari haina mbadala. Linaloniwasha ni swali jingine. Imekuwaje Watamu, ambacho zamani kilikuwa kijiji cha wavuvi, kikaweza kumshika mgeni kwa siku nne au tano, ilhali Nyeri, yenye Mlima Kenya upande mmoja na milima ya Nyandarua upande wa pili, humwona mgeni akinunua mafuta ya gari na kwenda zake?

Tuanze na Watamu, maana ndio unaotupa kipimo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka wa 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza za aina yake barani Afrika. Kati ya Oktoba na Machi, pepo za kaskazi zinapovuma, maji huwa maangavu na wapiga mbizi hushuka na mitungi yao ya hewa nje ya mwamba. Asiyejua kuogelea hupanda mashua yenye sakafu ya kioo akawatazama samaki kana kwamba anatazama sinema. Alasiri atapelekwa Mida, ambako wenyeji wamejenga daraja la mbao kupitia katikati ya mikoko, ama atazuru magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17. Kusi inapochacha, kuanzia Aprili hadi katikati ya mwaka, bahari huchafuka na shughuli nyingi husimama.

Katika orodha hiyo, jambo la kuzingatia ni saa. Bustani za matumbawe huonekana vyema maji yakiwa yamekupwa, na maji hayamngojei mtu. Nahodha akisema safari ni saa moja na nusu asubuhi, mgeni hana budi kuwa amelala Watamu usiku uliotangulia. Akirudi saa sita ana njaa, naye hula hapo hapo. Kwa maneno mengine, bahari yenyewe humlazimisha kulala, na kila anachokifanya hupitia mikononi mwa mwenyeji: nahodha, mwenye miwani ya kukodisha, muuza viazi vya karai. Si kwamba Watamu ni pepo. Hoteli nyingi za ufuoni ni mali ya wageni, na yapo malalamiko ya muda mrefu kuwa anayelipia kila kitu akiwa kwao Italia hana haja ya kutoka nje ya lango. Hata hivyo, mgeni huyo hulala, na akilala kuna anayemfulia shuka.

Sasa tumwazie mgeni huyo huyo akishuka katika kituo cha matatu cha Nyeri saa tatu asubuhi.

Kwa mwendo mfupi wa miguu atafika makaburi ya kanisa la Kianglikana la St Peter's. Hapo amezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti ulimwenguni, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Jiwe lake limechorwa duara lenye kitone katikati, alama ambayo Skauti hutumia njiani kuwaarifu wenzao, "Nimekwenda nyumbani." Katika makaburi hayo hayo yumo Jim Corbett, mwindaji wa simba-milia wala watu nchini India ambaye baadaye aligeuka mtetezi wa wanyama, aliyefariki mwaka wa 1955. Wawili hao, kila mmoja kwa wakati wake, waliishi katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, ambapo asubuhi kabla mawingu hayajapanda mtu huuona mlima mzima mbele yake.

Akielekea Mathari, atakuta kanisa la kumbukumbu la Waitaliano lenye mabaki ya mamia ya wanajeshi waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na kamanda wao Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyefariki jijini Nairobi mwaka wa 1942 akiwa mfungwa wa Waingereza. Katoliki yeyote atataka pia kusikia habari za Sista Irene Stefani, ambaye wenyeji walimwita Nyaatha kwa huruma yake. Alifariki mwaka wa 1930 baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyekuwa akimuuguza Gikondi, akatangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015 mbele ya umati mkubwa ajabu.

Kule Ruring'u, jengo la mahakama ya Waafrika lililojengwa mwaka wa 1924 sasa ni makavazi. Uwanja wa Ruring'u nao ndipo wapiganaji wa Mau Mau walipotoka msituni Desemba 1963, nywele zimesokotana, kuja kusalimisha silaha kwa serikali ya Waafrika wenzao. Ukipanda Tetu utafika Ihithe, alikozaliwa Wangari Maathai mwaka wa 1940, mwanamke wa kwanza wa Afrika kutunukiwa Nobeli ya Amani, mwaka wa 2004. Na katika hifadhi ya Aberdare kuna maporomoko ya Karuru, yanayoanguka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 273.

Shehena hiyo ingetosha siku tatu nzima. Lakini asiye na mwenyeji wa kumshika mkono atayapita makaburi ya St Peter's akidhani ni makaburi tu, atakunywa chai, na alasiri atakuwa njiani kuelekea Nanyuki.

Sababu ya kwanza ni ya jiografia, na ni ya tangu enzi za mkoloni. Nyeri haiko njiani. Reli iliyojengwa kuelekea Nanyuki haikuingia mjini. Stesheni iliwekwa Kiganjo. Barabara kuu kutoka Nairobi nayo hupita Karatina, ikafika Marua, na hapo anayekwenda Nyeri sharti akate kushoto. Asiyekata huendelea Chaka, Naro Moru hadi Nanyuki. Barabara ya Kenol hadi Marua, kilomita 84, imepanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande, na hakuna anayeikumbuka ile ya zamani, ilivyokuwa ikiua watu, atakayelalamika. Ila matokeo yake ni kuwa Mnairobi anaweza kuja Nyeri kwenye harusi, akala, akacheza na kurudi kulala kwake. Ni barabara njema inayomfupishia mgeni ziara.

Sababu ya pili ni mazoea. Nyeri ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati hadi mfumo wa mikoa ulipotoa nafasi kwa kaunti mwaka wa 2013. Mji wa serikali hauna haja ya kumtafuta mgeni. Mgeni huletwa na barua rasmi, hulipiwa chumba, huhudhuria semina na kupewa marupurupu. Mji uliolelewa hivyo kwa miongo mingi haujifunzi upesi kusimama mlangoni na kusema karibu.

Sababu ya tatu, na kwangu ndiyo nzito, ni jinsi utalii wenyewe ulivyoanzishwa. Eric Sherbrooke Walker alifungua Outspan mwaka wa 1928, na mwaka wa 1932 akajenga chumba juu ya mti msituni, akakiita Treetops. Utaratibu ulikuwa huu: mgeni alifikishwa Outspan, akala chakula cha mchana, akaacha mizigo yake mikubwa, kisha akapelekwa msituni akiwa na kijimkoba tu. Usiku kucha alikaa juu akiwatazama ndovu na nyati wakilamba chumvi. Asubuhi alirudishwa, akachukua mizigo na kuondoka. Mji wa Nyeri ulikuwa stoo ya masanduku. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mpango wote ulimzunguka mwenyeji bila kumgusa.

Na simulizi iliyouzwa ilifuata njia iyo hiyo. Ulimwengu unajua kwamba usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alikuwa Treetops baba yake alipofariki Sandringham, naye akashuka mtini akiwa Malkia. Lakini hadithi hiyo ina nusu ya pili. Oktoba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mwaka wa 1954 Treetops iliteketezwa wakati wa vita vya Mau Mau. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa kwenye ukingo wa msitu ule ule, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huo huo Treetops ikajengwa upya, jirani na ilipokuwa. Malkia na mpiganaji, mti na handaki, miaka mitano tu, msitu mmoja. Sijui mji mwingine Afrika Mashariki wenye kisa kama hicho karibu hivyo na kituo cha matatu.

Malkia alipofariki Septemba 2022, wanahabari wa dunia nzima waliitaja Nyeri kwa siku kadhaa. Waliotaka kuuona mti walikuta milango imefungwa, kwa kuwa hoteli ilikuwa imeshindwa kuhimili ukosefu wa wageni tangu janga la Korona. Wiki ambayo sayari nzima ilitaka kujua Nyeri iko wapi, hakukuwa na mtu mlangoni.

Huenda msomaji akauliza: na mlima je? Mlima ndio unaokaribiana zaidi na mashua ya Watamu, maana huko mgeni hawezi kwenda peke yake. Njia tatu ndizo zitumikazo zaidi: Naro Moru katika Kaunti ya Nyeri, Sirimon upande wa Nanyuki, na Chogoria upande wa mashariki, yenye mandhari inayowafanya hata waongozaji wazoefu kunyamaza. Miezi mikavu, Januari na Februari kisha Agosti na Septemba, huwa na shughuli nyingi. Kilele cha Lenana, mita 4,985, hufikiwa na mtu yeyote mwenye afya na subira. Batian, mita 5,199, ni cha wakwea miamba wenye kamba. Njia ya Naro Moru ni fupi, na ufupi wake ndio mtego wake. Wengi huipanda kwa pupa, wakaumwa kichwa na kutapika, wakateremshwa kabla ya kuona lolote. Mwongozaji mwenye kitambulisho cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) atakwambia uende polepole, ukilala kambini kuzoea hewa, na usione haya kugeuka.

Kila mkwezi mmoja huwa na mwongozaji, mpishi na wapagazi, vijana wa Naro Moru, Nanyuki na Chogoria. Ujira wao hufika nyumbani moja kwa moja: karo, chakula cha ng'ombe, mabati. Nao wana historia ambayo hawajaiuza ipasavyo. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao ndiye aliyeipandisha bendera ya Kenya huko Lenana. Mwaka wa 1973, Thumbi Mathenge pamoja na Phil Snyder walikuwa wa kwanza kuupanda mfereji wa barafu ulio kati ya Batian na Nelion, uitwao Diamond Couloir, ambao ulikuja kuwa maarufu kwa wakwea barafu duniani. Kinachosimuliwa zaidi ni kisa cha Felice Benuzzi na wenzake wawili, wafungwa wa Kiitaliano waliotoroka kambi ya Nanyuki mwaka wa 1943, wakaupanda mlima kwa vifaa walivyojitengenezea, kisha wakarudi kujisalimisha. Ni kisa kitamu, sikatai. Ila Mathenge alizaliwa hapa.

Mfereji ule wa barafu sasa umeyeyuka kwa sehemu kubwa, na hapa ndipo Nyeri na Watamu zinapokuwa ndugu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na barafu za kudumu 18. Zilizosalia ni mabaki tu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilionya mwaka wa 2021 kwamba kasi ikiendelea hivi, barafu za milima ya Afrika Mashariki zitakwisha katika miaka ya 2040, na Mlima Kenya utatangulia kwa takriban mwongo mmoja. Huko Pwani, joto la bahari la mwaka wa 1998 liliyageuza matumbawe kuwa meupe na kuua mengi yake. Mpiga mbizi na mkwea mlima wanauziwa vitu viwili vinavyoharibiwa na joto lile lile. Inafaa kuongeza, kwa kuwa watu huchanganya, kwamba mito yetu haitegemei sana barafu hiyo. Gura, Chania na Sagana hulishwa na mvua na msitu, na maji yake hatimaye huingia Bahari Hindi huko Kipini kupitia Tana. Kwa hivyo anayekata msitu leo hawezi kusingizia barafu.

Wakati Nyeri ikisitasita, majirani hawalali. Sagana imewavuta vijana wa Nairobi kuteremka mto kwa boti za mpira. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirejeshwa Desemba 2020. Ol Pejeta, huko Laikipia, ndiko alikofia Sudan, dume wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini, Machi 2018, na ndiko waliko Najin na Fatu, majike wawili waliobaki duniani. Na kwenye kibao cha Ikweta, Nanyuki, yupo kijana mwenye beseni na kijiti cha kiberiti anayewaonyesha watalii maji yakizunguka upande huu, kisha hatua chache baadaye upande ule. Kisayansi beseni ni dogo mno kuhisi mzunguko wa dunia. Ustadi umo katika mkono unaomimina. Lakini kijana huyo ameelewa jambo ambalo mji mzima wa Nyeri haujaelewa. Mstari wa Ikweta hauonekani, naye amempa mgeni kitu cha kufanya hapo, kwa dakika kumi, kwa malipo.

Kuna wanaopinga kwamba Nyeri haihitaji watalii. Ina kahawa, chai na maziwa. Hoja hiyo ina uzito. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikausha hoteli za Pwani, maonyo ya usafiri ya mwaka wa 2014 yakazikausha tena, na Korona ikamaliza. Anayeishi kwa mgeni peke yake hulala njaa mgeni asipokuja. Ila kwa sababu hiyo hiyo Nyeri ingeweza kumpokea mgeni bila kumpigia magoti. Isitoshe, kahawa yenyewe ni kivutio. Kati ya Oktoba na Desemba viwanda vya vyama vya ushirika vya Tetu, Othaya na Mathira huwa vinapokea kahawa mbivu nyekundu, kuimenya, kuiosha na kuianika. Watu wa Tokyo na Oslo hulipa bei ya kuumiza kwa kikombe cha kahawa ya Nyeri, na wapo miongoni mwao ambao wangependa kusimama kando ya mifereji ile kwa siku moja. Huo ndio msimu ambao wenyewe tunafunga nyumba tukaenda Pwani.

Lipo pia suala la fedha za lango. Mlima Kenya na Aberdare ni hifadhi za taifa, hivyo ada huingia KWS na si kaunti, tofauti na Maasai Mara inayosimamiwa na Kaunti ya Narok. Magavana wana haki ya kudai mgao. Lakini kudai mgao wa lango la msituni si kisingizio cha kutofanya yasiyohitaji lango. Waongozaji kumi vijana waliosomea historia, njia moja ya miguu yenye vibao kutoka St Peter's hadi Ruring'u na Mathari, na saa maalumu ya kuanza, hayo hayahitaji idhini ya Nairobi. Narudia hilo la saa. Mlima huonekana Nyeri alfajiri, na kufikia saa tatu au nne mara nyingi umejifunika. Kama ziara ya mji ingeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlima ukiwa wazi, mgeni angelazimika kulala mjini kama anavyolazimika Watamu kwa ajili ya maji kupwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hakuna aliyepona kwa mgeni aliyepita na gari.

Ijumaa jioni, msomaji, ukipata nafasi simama kwenye njia panda ya Marua. Magari kutoka Nairobi hufika yakiwa yamefunga mahema juu, baiskeli nyuma, watoto wakichungulia dirishani kuutafuta mlima uliokwisha jificha. Madereva hupunguza mwendo, husoma kibao kinachoelekeza kushoto, kisha huendelea mbele.